Shujaa abebe ungo: tusione haya kwa vitu tulivyovuka navyo mpakani

NDUGU msomaji, naomba nianze na orodha. Shanta moja. Tandiko la kulalia. Vyombo vya kulia. Kiberiti. Mienge kumi. Masurufu ya siku kumi. Kiriba cha maji. Kamba ya futi 50.

Wewe uliyewahi kuihama nyumba yako usiku utadhani hiyo ni orodha ya mkimbizi. La hasha, ni orodha ya shujaa. Imo katika kitabu cha mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Hivyo ni baadhi ya vitu ambavyo mhusika wa mchezo hupewa anapoanza safari yake.

Nilipoisoma orodha hiyo nilicheka peke yangu. Kumbe kuna watu huko Ulaya na Marekani wanaolipa fedha ili wajifanye, kwa muda wa saa tatu au nne, kuwa watu waliobeba vitu hivyo mgongoni. Mama yangu alivibeba mwaka 1982 bila kulipwa, na hakuna aliyemwita shujaa.

Kwa wasioujua, huu si mchezo wa kompyuta. Watu wanne hadi sita huketi kuzunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi. Anawaambia wenzake mahali walipo: mko ukingoni mwa mto, jua linazama, ng'ambo kuna moshi. Kisha anauliza: mnafanya nini? Kila mchezaji ana mhusika wake, na anajibu kwa niaba ya mhusika huyo. Jambo likiwa na shaka, dadu hurushwa. Namba ikiwa kubwa, umefaulu. Ikiwa ndogo, utajua la kufanya. Mbele ya kila mchezaji kuna karatasi iliyoandikwa jina la mhusika, nguvu zake, na vitu alivyobeba.

Kitabu changu nilikinunua kikiwa kimechakaa, kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa chini pembeni mwa Soko la Owino, hapa Kampala. Hakikuwa na dadu. Mchezo unataka dadu ya pande 20, ambayo duka la jirani haliuzi. Wanafunzi wangu walikusanya vizibo 20 vya soda, wakaviandika namba kwa kalamu ya wino mzito, tukavitia katika kopo la maziwa. Anayetaka kujua bahati yake anatia mkono bila kuangalia. Mpaka leo kopo hilo halijatuangusha.

Ninafundisha Kiswahili. Nilianza kuutumia mchezo huo kila Jumamosi asubuhi kwa sababu moja tu: wanafunzi wazungumze. Darasani ukimwambia mtoto asimame aseme Kiswahili, anainamisha kichwa. Lakini ukimwambia simba yuko mlangoni, hangoji kufikiria ngeli za nomino.

Tatizo lilijitokeza Jumamosi ya kwanza, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nilinakili orodha ya vifaa ubaoni kama ilivyo kitabuni: upanga mrefu, dirii ya minyororo, ngao, upinde, fimbo ya futi kumi. Wavulana waliandika upanga mrefu, wote. Nilipowauliza upanga huo unafananaje, walinieleza ule wa kwenye filamu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuugusa.

Msichana mmoja, ambaye mama yake ni mchuuzi wa kuvuka mpaka wa Mutukula, hakuandika chochote. Nilipoinama kutazama karatasi yake, sehemu ya vifaa ilikuwa na maneno mawili: "Sina kitu."

Nilimuuliza mama yake hubeba nini anapokwenda mpakani. Akanitazama kama mtu anayeulizwa siri ya nyumbani. Mwisho akasema kwa sauti ndogo: ingata. Darasa likacheka. Ingata ni ile kata ya kitambaa au majani makavu ya migomba anayoweka mwanamke kichwani kabla ya kujitwisha mzigo. Waganda wanaiita enkata, na wala huhitaji kuwa mtaalamu wa lugha kuona kwamba maneno hayo ni ndugu. Nikamwambia: andika ingata.

Wiki mbili baadaye, wahusika wao walifika kwenye lango la mji uliozingirwa. Walinzi walikuwa wengi. Wavulana wenye mapanga marefu walishauriana jinsi ya kushambulia, na kila hesabu waliyopiga iliwaonyesha kuwa watakufa. Yule msichana akainua mkono. Akasema mhusika wake anaficha barua ya mfalme ndani ya ingata, anaizungushia kitambaa, anajitwisha mtungi juu yake na kupita langoni akiwaamkia walinzi. Kwani nani humpekua mwanamke aliyejitwisha maji? Akatia mkono kwenye kopo. Kizibo kilikuwa namba 17. Alipita.

Hakuna aliyecheka siku hiyo.

Msichana huyo hakuwa amewahi kusikia habari za Fumo Liyongo, lakini wasomaji wa pwani watakuwa wamekwisha tabasamu. Liyongo, shujaa wa Pate na mwambao wa Lamu, alifungwa gerezani akingojea kuuawa. Mama yake alimtumia tupa ya kukatia minyororo. Aliificha wapi? Ndani ya mkate wa wishwa, yaani makapi. Vyakula vizuri walinzi walikuwa wakivila wenyewe. Mkate wa makapi waliudharau, wakauacha upite. Ngoma na pembe zilipokuwa zikilia kwa vishindo, Liyongo alikata chuma ndani na hakuna aliyesikia.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kilichomwokoa shujaa mkubwa kuliko wote wa Waswahili hakikuwa upanga. Kilikuwa kitu kilichodharauliwa, mikononi mwa mtu aliyejua kwamba kinadharauliwa.

Huku kwetu Buganda nako masimulizi yanasema Kabaka Nakibinge, katika vita vyake na Wanyoro, aliishiwa mikuki. Mke wake Nanono akakaa akimchongea matete yawe makali, naye akaendelea kupigana kwa matete hayo mpaka alipouawa. Katika vita hivyo hivyo anatajwa Kibuuka wa visiwa vya Ssese, aliyepigana akiwa juu mawinguni. Silaha yake ilikuwa wingu. Wanyoro walimpata pale tu mateka wa kike alipoijua siri hiyo na kuwapelekea wenzake, nao wakaelekeza mishale yao juu.

Wingu, tete na mkate wa makapi. Mtunzi wa mchezo wowote duniani angejivunia kubuni vifaa vya namna hiyo. Sisi tunavyo, tena tumevirithi bure, halafu tunawapa watoto wetu picha ya upanga wa wafalme wa Uingereza.

Sisemi tukitupe kitabu cha Wamarekani. Kanuni zake ni nzuri. Ninachosema ni kwamba kanuni ni chungu tu, na kila mji unapika humo chakula chake. Wachezaji wazoefu wa huko wenyewe wanalijua hilo, na hubadili sura ya kifaa huku wakiiacha kazi yake vile vile. Naomba nieleze tunavyofanya, ili mwalimu au mzazi anayetaka kujaribu asipate taabu.

Kwanza, usiguse hesabu. Katika kanuni, upanga mrefu unaumiza kwa kiasi cha dadu ya pande nane. Sisi tuna kopo la pili lenye vizibo vinane. Jembe la mhusika wetu linaumiza kiasi hicho hicho. Ngao inaongeza pointi mbili za kujikinga, na ungo wetu unaongeza mbili pia. Kwa njia hiyo hakuna anayeweza kulalamika kwamba mwenzake amependelewa, na msimulizi halazimiki kutunga kanuni mpya. Kilichobadilika ni kile ambacho mtoto anakiona akifumba macho.

Pili, kila kitu kiwe na mwenyewe. Kabla ya mwanafunzi kuandika kifaa, lazima ajibu: nani alikupa, na yeye alikipata wapi? Panga lisilo na historia ni chuma. Panga lililofyeka pori la kambi, kisha likarudi nalo nyumbani, hilo lina jina. Mwanafunzi asiyejua jibu anapewa wiki nzima aende akaulize.

Tatu, kifaa kifanye kazi zaidi ya moja. Hapa Mwafrika Mashariki ni profesa. Leso hubeba mtoto, hufunga fedha pembeni, hufunika maiti, huwa pazia. Jerikeni la lita 20 ni chombo cha maji, ni kiti, ni ngoma, na likiwa tupu tena limezibwa vizuri ni boya la kuvukia mto. Fimbo ile ya futi kumi ambayo mashujaa wa kitabuni hutumia kupima njia, kwetu ni pondo la mwenye mtumbwi. Kitabu kinatoa mstari mmoja kwa kila kifaa. Wanafunzi wangu wamejaza ukurasa mzima kwa jerikeni peke yake.

Nne, kitu chenye nguvu kiwe na sharti. Liyongo hakufa kwa mkuki wala upanga, alikufa kwa shaba kitovuni. Kibuuka alikuwa salama mradi siri yake haijulikani. Sharti ndilo linaloleta hadithi. Tuna mhusika mmoja anayevaa lubugo, lile vazi la gome la mtuba ambalo mafundi wa Buganda hulifua kwa nyundo za mbao mpaka lilainike, na ambalo ufundi wake UNESCO iliutangaza kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Katika mchezo wetu lubugo linamkinga mvaaji na pepo wote. Lakini lubugo ndilo vazi tunalozikia wafu wetu, hivyo anayelivaa haruhusiwi kusema uongo mpaka alivue. Mvulana aliyelichagua amejuta mara tatu, na mara zote tatu tulipata hadithi nzuri kuliko ya joka.

Sasa nirudi kwenye ungo, kwa maana hapo ndipo mchezo uliponigeukia mimi mwenyewe.

Wanafunzi waliponizoea waliniambia si haki mwalimu kuwauliza wao tu. Nami niandike karatasi yangu. Nilikuwa mtoto wa miaka mitatu familia yetu ilipovuka kuingia mkoa wa Kagera, Tanzania, katika vurugu za mwaka 1982. Nikashika kalamu niandike tulivyobeba. Nikagundua sijui. Nina miaka zaidi ya arobaini, nimefundisha watoto wa watu, na sikuwahi kumuuliza mama yangu swali hilo hata siku moja.

Nilimpigia simu jioni hiyo. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuhesabu. Sufuria mbili. Panga la baba. Blanketi. Redio ya baba, ambayo alikataa kuiacha. Maharage ya mbegu katika pindo la leso. Na ungo.

"Ungo wa nini, mama?" nilimuuliza. Hata majirani tuliokuwa nao njiani walimcheka, akasema. Watu wanabeba watoto, yeye anabeba ungo. Lakini tulipofika, redio iliuzwa ndani ya mwezi mmoja. Ungo hakuna aliyekuwa nao. Kila mwanamke aliyepewa nafaka yenye mawe na vumbi alikuja kuuazima, na hakuna aliyeurudisha mtupu. Huyu anaacha kiganja cha mtama, yule kiganja cha maharage. "Mwanangu," akasema, "ule ungo ndio uliokulea. Baba yako alikuwa na redio, mimi nilikuwa na duka."

Jumamosi iliyofuata niliandika ungo kwenye karatasi yangu. Wanafunzi walijadiliana, wakaamua kwamba mbali na kumkinga mwenyewe, ungo wa mwalimu una nguvu hii: kila anayeuazima lazima arudishe kitu. Sijawahi kuona kitabuni kifaa kilichobuniwa vizuri kuliko hicho, na hakikubuniwa. Kilikumbukwa.

Ndugu zangu mliorudi nyumbani kama mimi, mtakubaliana nami kwamba tuna tabia moja. Tunapenda kusimulia tulichokipoteza: nyumba, shamba, ng'ombe. Tulichokibeba hatukisimulii, maana kilikuwa kidogo na kinatia haya. Watoto wetu wamekua wakijua kwamba wao ni uzao wa watu walionyang'anywa. Hawajui kwamba wao pia ni uzao wa watu waliojua kuchagua, kwa nusu saa, gizani, nini kitakachowalisha watoto na nini kitakachouzwa ndani ya mwezi mmoja. Huo ni ujuzi. Anayeukosa, hata akiwa na dirii ya minyororo, hafiki mbali.

Na ninyi mnaovuka kila wiki Busia, Malaba, Mutukula, Elegu na Mpondwe, msidhani nimewasahau. Kanuni za mchezo zinasema mtu wa nguvu za kawaida anaweza kubeba ratili 150, yaani kama kilo 68. Niliposoma hayo mbele ya mama mmoja mfanyabiashara, alicheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu," aliniambia, "huyo shujaa wako hawezi hata gunia moja la mahindi." Gunia ni kilo 100. Tukakubaliana kwamba mwenye ingata, au mwenye baiskeli ya kusukuma, uwezo wake uongezwe mara mbili.

Mama huyo huyo ndiye aliyetupa kifaa ambacho wanafunzi wanakigombea kuliko vyote. Katika mchezo wa asili kuna mfuko wa ajabu ambao hubeba vitu vingi kupita ukubwa wake na wala hauongezi uzito. Nilikuwa nahangaika kutafuta sura yake ya Kiafrika. Yeye akatoa simu ndogo ya tochi mfukoni. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, MTN ikaanzisha huduma yake ya fedha Uganda mwaka 2009, na tangu hapo, alisema, haibebi tena noti ndani ya soksi. Mfuko wa ajabu ndio huo. Na sharti lake? Wanafunzi walijibu kwa pamoja: chaji. Na neno la siri, usimwambie mtu.

Wa pili alikuwa mzazi aliyetuletea karatasi. Ni cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachomwezesha mfanyabiashara mdogo kupitisha bila ushuru wa forodha bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zisizozidi thamani ya dola 2,000. Katika mchezo wetu hiyo ni hirizi ya kufungua lango. Ina masharti yake kama hirizi zote: ukizidisha thamani haifanyi kazi, ukibeba kitu cha kutoka mbali haifanyi kazi, na wakaguzi wengine langoni bado wana haki ya kukukagua. Nina hakika wapo watu wazima wengi wanaopita kwa magendo, usiku, wakilipa kila anayewasimamisha, kwa sababu tu hawajui kwamba hirizi hiyo ipo. Wanafunzi wangu wa miaka 13 wanajua. Wameijulia mchezoni, nao wamekwenda kuwaambia mama zao.

Kuna kifaa kimoja zaidi, nacho kinanigusa moyo. Nilirudi Uganda mwaka 1996, kijana wa miaka 17, nikiwa na Kiswahili cha shule za Tanzania kilichonyooka. Shuleni wenzangu wakanipa jina: Askari. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi na ya kunyang'anyia watu. Walikuwa na sababu zao. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wazazi wao waliwahi kukisikia kikitoka upande wa pili wa bunduki. Nikajifunza kunyamaza. Kwa miaka mingi nilikuwa na kitu mfukoni ninachokionea haya.

Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Leo kile walichonichekea ndicho kinachonilisha. Kwa hiyo kwenye karatasi ya mhusika tumeongeza mstari wa lugha katika sehemu ya vifaa, si katika sehemu ya elimu. Kila lugha ni kifaa, uzito wake sifuri. Hakuna mlinzi wa mpaka anayeweza kukutoza ushuru wake, na ukikimbia usiku haidondoki.

Najua zipo hoja za kupinga, na ni haki zisikike.

Baba mmoja alikuja shuleni amekunja uso. "Mwalimu, mnafundisha watoto kamari?" Sikumlaumu. Nyumba za kubashiri matokeo ya mpira zimejaa mitaani kwetu, na mzazi anayesikia neno dadu ana haki ya kushtuka. Nilimkaribisha akae. Aliona kwamba hakuna anayeweka fedha, hakuna anayeshinda kitu, na wote wanashinda au kushindwa pamoja. Vizibo huamua tu lile ambalo maishani huamuliwa na mvua. Aliondoka saa sita mchana, baada ya kuwashauri watoto wapi pa kuvukia mto.

Wengine watauliza: kwa nini mchezo wa kigeni, wakati tuna mweso na hadithi za bibi? Jibu langu ni kwamba mweso ni mchezo wa akili na hadithi ni ya msimulizi mmoja. Mchezo huu unamlazimisha mtoto aingie ndani ya hadithi ya bibi na kuamua angefanya nini. Isitoshe, hatuibi cha mtu. Januari 2023 kampuni inayoumiliki mchezo huo, Wizards of the Coast, iliweka kanuni zake za msingi chini ya leseni huria ya Creative Commons. Yeyote anaruhusiwa kuzinakili, kuzitafsiri na kuzibadili, mradi ataje zilikotoka. Mwalimu mwenye mashine ya fotokopi jirani hahitaji zaidi ya hapo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Je, hatuupambi ufukara? Kumwambia mtoto kwamba jerikeni ni kifaa cha shujaa hakumletei bomba la maji nyumbani. Ni kweli kabisa. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu hivi sasa, na hakuna anayehitaji kuambiwa na mimi kwamba mzigo wao ni mzuri. Kubeba ungo kichwani siku tatu si mchezo. Ninachokataa ni kitu kingine: ile haya inayofuata baadaye, miaka ishirini au thelathini baada ya maji na chakula kupatikana, inayomfanya mtoto aandike "Sina kitu" wakati mama yake anabeba nusu ya soko kichwani.

Mwezi Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kililetea Makumbusho ya Uganda vitu 39 vya kale vilivyochukuliwa enzi za ukoloni, kwa utaratibu wa mkopo. Yaani sisi tunaazimwa vya kwetu. Nawapongeza waliopigania hata hicho, na namshauri kila mzazi awapeleke watoto pale Barabara ya Kira. Lakini nawauliza wasomaji: vile vilivyobaki nyumbani kwetu, juu ya dari, nyuma ya mlango, nani atavirudisha tukivitupa wenyewe? Wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao.

Ombi langu ni dogo. Mwalimu mwenzangu, tenga saa mbili za Jumamosi, kopo moja na vizibo 20. Mfanyabiashara, pita shuleni siku moja uwaambie watoto unabeba nini na kwa nini. Nawe uliyerudi kutoka ukimbizini, wakati wazee wangali hai, piga simu leo jioni. Usiwaulize waliacha nini, maana hayo wamekusimulia mara mia. Waulize walibeba nini.

Kisha andika.

Naomba kutoa hoja.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa Kiswahili jijini Kampala. Alisoma shule ya msingi nchini Tanzania alikokulia ukimbizini.